Fomu Katika Droo ya Mkuu

Cheti kilipofika, Mama Pacha hakumwonyesha mtu kwa siku tatu, ila mumewe tu. Alikisoma amesimama, akakisoma ameketi, kisha akakigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi madogo yanayosema vinginevyo. Hayakuwapo. Yeye, mwanamke wa miaka arobaini na minne, aliyeacha sekondari katikati kwa ajili ya mimba ya hao pacha wenyewe, alikuwa amefanya mtihani wa watu wazima na kufaulu. Karatasi ile yenye muhuri wa kubonyea ilisema kwamba tangu sasa ahesabiwe sawa na yeyote aliyemaliza sekondari.

Mumewe, fundi wa pampu za maji, alitaka kukitia fremu na kukitundika ukutani.

"Ukutani kila mtu atakiona," alisema Mama Pacha.

"Si ndiyo kazi ya ukuta?"

"Baba Pacha, watu wana macho."

Akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akakilaza chini ya godoro, upande wake.

Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Alikuwa mtu wa kuhakikisha, na kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kutakasia vifaa vya hospitali, ghorofa moja chini ya vyumba vya upasuaji. Vifaa vilishuka vikiwa na damu. Vikaloweshwa, vikasuguliwa kwa brashi, vikakaushwa, vikapangwa kwenye trei, vikafungwa kwa kitambaa na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke. Kila trei ilikuwa na orodha yake. Mkasi mmoja ukikosekana hatoki mtu, maana mkasi usioonekana huenda umebaki tumboni mwa mgonjwa. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu, unaanza kuhesabu hata vijiko vya nyumbani.

Zamu ya asubuhi walikuwa watatu. Yeye mwenyewe. Kasuku, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haupoi hata akivaa barakoa. Na Mkuu, mzee aliyekisimamia chumba kile tangu mashine zikiwa za kuwashwa kwa mafuta, ambaye aliweza kuusikiliza mlango wa mashine ukipumua akakwambia raba yake imechoka. Mkuu ndiye aliyemfundisha Mama Pacha kila kitu. Ndiye pia aliyembadilishia zamu miaka miwili mizima ili aweze kwenda masomoni jioni. Kwa hiyo siku ya nne alimwendea, akamwamkia, akamwambia.

"Umefaulu?" Mkuu aliweka chini kikombe chake. "Umefaulu kweli?"

"Nimefaulu, mzee."

"Basi wewe ni mtu mkubwa sasa! Mtu mkubwa kabisa! Kasuku, njoo usikie!"

Akampongeza hapo, akampongeza tena wakati wa chai, na saa ya kutoka akampongeza mara ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomkaa Mama Pacha kooni. Kwa miaka kumi na mmoja sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kuipata kwa mzee yule ilikuwa "si haba." Leo maneno yote haya yametoka wapi?

Hatua ya pili alikuwa ameipanga kabla hata ya matokeo kutoka. Chuo cha afya kilikuwa na kozi ya miaka miwili ya ufundi wa kutakasa vifaa, kwa watu walio kazini: darasani Jumamosi, siku nyingine mafunzo kwa vitendo palepale kazini kwako. Anayehitimu anakuwa fundi anayetambulika, si mhudumu tena. Walitaka cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na fomu yenye sahihi ya msimamizi wa chumba na muhuri wa ofisi ya utumishi. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa mwisho wa mwezi.

Mkuu aliipokea fomu kwa mikono miwili. "Niachie. Na cheti chenyewe niachie, nikipeleke utumishi kwa mkono wangu."

"Nitaleta kopi, mzee."

"Kopi ya nini? Niletee chenyewe."

"Nitaleta kopi," alirudia Mama Pacha, na akajisikia sauti imekuwa nyembamba.

Wiki ikapita. Alipouliza, Mkuu akasema fomu iko utumishi. Wiki ya pili akasema utumishi wana mambo mengi. Siku hiyohiyo, Mkuu alipofungua droo yake kutafuta kalamu, Mama Pacha aliona pembe ya karatasi ya rangi ya maziwa. Fomu ya chuo ilikuwa ya rangi hiyo. Lakini hata karatasi za oda ya sabuni zilikuwa za rangi hiyo, na droo ilifungwa haraka.

Nyumbani alimweleza mumewe.

"Labda amesahau," alisema mumewe.

"Yule? Anayekumbuka tarehe ya kila raba ya mlango?"

"Basi muulize."

"Nikimuuliza atajua kwamba najua."

"Unajua nini sasa?"

Lakini mtu akishaanza kutafuta haachi mpaka apate, na alichokipata Mama Pacha kilikuwa Kasuku. Alikumbuka kwamba chumba kinaweza kumwachia mtu mmoja tu kwenda masomoni kwa wakati mmoja. Alikumbuka kwamba Kasuku alikuwa amemaliza sekondari ya kawaida na alama zisizosemeka vizuri. Alikumbuka jinsi alivyowakuta siku moja, Kasuku na Mkuu, wakiongea karibu na sinki, wakanyamaza alipoingia. Na lini Kasuku amewahi kunyamaza?

Akaanza kumtazama. Kasuku akimwuliza habari za nyumbani, yeye alijibu "nzuri" na kugeukia trei. Kasuku akimwachia nafasi karibu na feni, yeye alijiuliza kwa nini. Jumanne moja trei ya upasuaji mkubwa ikapungua kibanio kimoja cha kushikia mishipa. Mama Pacha aliihesabu mara tatu. Orodha ilisema kumi na viwili, mezani vilikuwa kumi na kimoja, na aliyeipokea ile trei kutoka juu alikuwa Kasuku.

"Kibanio kiko wapi?" aliuliza.

"Nimekupa vyote."

"Umenipa kumi na kimoja. Sahihi hapa chini itakuwa yangu, si yako. Mtu akitaka jina langu liharibike mwezi huu, angefanya hivihivi."

Kasuku alivua glavu taratibu. "Dada, unasema mimi nimeficha kibanio?"

"Sijasema."

"Umesema. Umesema kwa adabu, lakini umesema."

Wakakitafuta wote wawili bila kuongea, kwa dakika arobaini, huku simu kutoka juu ikilia. Kilipatikana kimenasa kwenye wavu wa mashine ya kuoshea, mahali ambapo Mama Pacha mwenyewe alikuwa amepatazama akapaona patupu. Kasuku alikishika mbele ya macho yake, akakiweka mezani bila kukigongesha, akaenda zake kula. Siku ile chumba kilikuwa kimya mpaka mtu angeweza kusikia maji yakidondoka kwenye ndoo.

Aibu ilimtesa, lakini haikumponya. Ilimwambia tu kwamba alikuwa akimtazama mtu siye.

Siku iliyofuata, zikiwa zimebaki siku nane mwezi kwisha, alikwenda mwenyewe ofisi ya utumishi. Karani alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, meza yake imezungukwa na mafaili hata ilibidi uinue kidevu ili muonane.

"Fomu ya chuo kutoka chumba cha kutakasia vifaa?" Karani alipekua. "Haijafika hapa."

"Labda iko chini ya nyingine."

"Mama, meza yangu ni chafu lakini naijua. Haijafika." Kisha akavua miwani. "Na hata ikifika, nitakwama. Ukurasa wa pili chuo kinataka kopi ya cheti cha atakayekusimamia kwenye mafunzo ya vitendo. Huyo si mkuu wenu? Faili lake halina cheti. Halina cha kozi, halina hata cha sekondari. Niliwahi kumwandikia, mara mbili, miaka mingi sasa. Aliniambia viliungua. Vizuri umenikumbusha."

Mama Pacha alishuka ngazi polepole, mkono kwenye reli. Kila kitu kilikuwa kimejipanga chenyewe, kama trei: zile pongezi tatu, droo, hamu ya kukishika cheti chake. Kukishika! Alitaka kukifanyia nini? Mtu asiye na cheti akishika cha mwenzake, si mashine ya kopi iko palepale korido? Akajiona mjanja, akajiona pia mjinga kwa kuchelewa kujua.

Alimsubiri Mkuu mpaka Kasuku alipotoka kwenda kula, akafunga mlango.

"Mzee, fomu yangu iko kwenye droo yako."

Mkuu hakubisha. Alikaa kwenye kiti chake cha chuma, akaitazama mashine. "Umekwenda kunichunguza."

"Nilikwenda kuulizia fomu yangu."

"Na wakakwambia."

"Wameniambia."

Mashine ilikuwa katikati ya mzunguko, sindano ya kipimo imesimama pale inapotakiwa. "Niliingia hapa nikiwa mfagiaji," alisema Mkuu. "Hakuna aliyeniuliza karatasi. Mashine iliharibika, fundi hakuja, nikaifungua mimi. Wakaniambia basi kaa nayo. Walipokuja kuniuliza karatasi nilikuwa nimeshawafundisha watu kumi na wawili. Ningesema nini? Nikasema ziliungua. Uongo wangu mmoja huo. Nimekaa nao kama mtu aliyekalia msumari."

"Na cheti changu ulikitakia nini?"

"Kukiona."

"Kukiona tu?"

"Sijawahi kushika hata kimoja, mwanangu. Nilitaka kujua kinafananaje."

Hilo nalo Mama Pacha hakulimeza lote. Cheti kilikuwa kwenye mkoba wake. Tangu juzi alikuwa anakibeba, kwa kuwa chini ya godoro hapakumtosha tena. Akakitoa kwenye nailoni. Mkuu alipangusa vidole kwenye koti, akakipokea, lakini pembe moja Mama Pacha hakuiachia. Wakakishika hivyo, wawili, kila mtu upande wake. Mzee alisoma jina, akasoma masomo na alama, akapitisha kidole gumba juu ya muhuri wa kubonyea. Aliiona pembe iliyoshikwa. Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke, lakini vidole vyake vilikataa kufunguka.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema Mkuu, akimrudishia. "Nastaafu baada ya miezi kumi na minne. Subiri. Fomu za mwaka ujao zikianza kutolewa nitakuwa mlangoni, natoka. Nenda wakati huo, hakuna atakayeulizwa chochote, na kiti hiki nitasema wakupe wewe."

Mumewe aliposikia alisema, "Mwaka mmoja ni nini? Umeshasubiri ishirini na tano."

"Ndiyo maana nimechoka."

"Yule ndiye aliyekuachia zamu ukasome."

"Najua. Na sasa najiuliza aliniachia kwa sababu alidhani sitafaulu."

"Ee Mungu," mumewe alisema, akaweka bisibisi chini. "Mke wangu, siku ukifika peponi utaomba kuona leseni ya mlinzi."

Alicheka, naye mumewe akacheka, lakini usingizi haukuja vizuri. Ahadi ya kiti ilimsumbua kuliko kitisho. Angekuwa ametishwa, angejua la kufanya. Na baada ya miezi kumi na minne, nani atamdai mtu aliyekwisha kustaafu ahadi aliyoitoa wakiwa wawili ndani ya chumba cha mvuke?

Asubuhi alipiga simu chuoni. Mkufunzi aliyepokea alikuwa na haraka, lakini jibu lake lilikuwa wazi: anayesimamia mafunzo ya vitendo si lazima awe msimamizi wa chumba. Anaweza kuwa mhudumu yeyote wa afya mwenye cheti anayefanya kazi na vifaa hivyo. Msimamizi wa chumba anatakiwa tu kukubali kwamba mfanyakazi wake atasoma.

Mama Pacha akapanda ghorofa ya juu kumtafuta muuguzi mkuu wa upasuaji, mama mrefu ambaye trei zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa amejiandaa kueleza kwa nini Mkuu hawezi. Alikuwa hata ametunga sababu njiani, ya macho ya uzee. Haikuhitajika.

"Lete fomu," alisema yule muuguzi. "Trei zako sijawahi kuzihesabu mara mbili. Lete nisaini kabla sijaitwa."

Lakini fomu yenyewe bado ilikuwa kwenye droo ya Mkuu, na sahihi yake ilikuwa bado. Akamweleza Mkuu: jina lake litakaa ukurasa wa kwanza tu, hapo pasipoulizwa cheti cha mtu; ukurasa wa pili umepata mwenyewe. Hakuna atakayemwuliza kitu.

Mkuu alitoa fomu kwenye droo, akaivalia miwani. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma. Akaiinua kwenye taa kama anayekagua noti.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma, mzee."

"Huyu muuguzi amekubali hivihivi?"

"Hivihivi."

"Hakuuliza kwa nini si mimi?"

"Hakuuliza."

"Watu hawakubali vitu hivihivi," alisema Mkuu, na hayo yangeweza kuwa maneno ya Mama Pacha mwenyewe. Mzee akaweka sahihi, herufi moja moja. Kisha akaenda korido akapiga kopi ya alichosaini, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Fomu ilifika utumishi siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, ikiwa na sahihi ya muuguzi pia. Karani aliigonga muhuri bila kuinua kichwa. Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya wiki tano, na safari hii mumewe hakuomba ruhusa. Aliitundika ukutani yeye mwenyewe, kwa misumari minne. Jumamosi ya kwanza Mama Pacha aliketi mstari wa mbele katikati ya vijana wanaolingana na wanawe. Mkufunzi alipouliza kwa nini trei isijazwe mpaka juu, mkono wake ulikuwa hewani kabla ya swali kwisha. Alieleza jinsi mvuke unavyotaka njia kati ya chombo na chombo, usipopata njia unarudi nyuma na kuacha maji. Darasa zima likaandika. Maneno yale yalikuwa ya Mkuu, neno kwa neno, na hakumtaja.

Kwa Kasuku alikwenda na maneno mafupi. "Nilikukosea."

"Ulinikosea sana," alisema Kasuku. "Siku ile uliyotukuta tumenyamaza, tulikuwa tunapanga kukununulia keki. Tukaahirisha ulipoanza kuninunia." Akavuta pumzi, akaendelea na maneno mengine mia mbili, na chumba kikapata sauti yake tena.

Halafu, mwezi wa pili wa masomo, barua ikashuka kutoka utumishi. Haikuwa ya Mama Pacha. Mkuu alitakiwa awasilishe vyeti vyake ndani ya siku kumi na nne. Hakuvipeleka, kwa kuwa havikuwapo. Hawakumfukuza, walitazama miaka yake wakamwonea haya. Walimhamishia stoo ya mashuka, kwenye jengo la nyuma, akamalizie humo miezi yake iliyobaki. Msimamizi mwingine akaletwa kutoka hospitali nyingine, kijana mwenye vyeti vinne, ambaye wiki ya kwanza aliuliza ule mlio wa mlango wa mashine unatoka wapi.

Siku aliyohama, Mkuu alimuaga Kasuku kwa mkono. Mbele ya Mama Pacha alipita kama mtu anayepita mbele ya kabati.

Mama Pacha alivumilia wiki mbili. Kisha akaenda stoo. Mkuu alikuwa ameketi katikati ya marobota ya mashuka meupe, akihesabu kwa penseli. Kulikuwa na harufu ya sabuni na joto la pasi, na hapakuwa na mlio wa mashine yoyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kukwambia jambo. Sikukutaja. Kwa karani, kwa muuguzi, chuoni, kokote. Naapa."

Mkuu aliandika namba, akaihakikisha kwa kulihesabu robota upya. Ndipo akainua macho. Hayakuwa na hasira.

"Najua hukunitaja," alisema. "Uliuliza tu."

Mama Pacha alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba alikuwa na haki ya kuulizia fomu yake, na ilikuwa kweli. Alitaka kusema kwamba fomu isingefichwa asingeuliza, na hilo pia lilikuwa kweli. Lakini alimsikia tena karani akivua miwani na kusema vizuri umenikumbusha, na maneno yote mawili ya kweli yakamkwama.

"Chuo kinaendaje?" Mkuu aliuliza.

"Kinakwenda."

"Wamewafundisha kipimo cha presha?"

"Wiki ijayo."

"Wakikwambia utazame kipimo tu, usikubali. Weka mkono karibu na mlango, usiuguse, usikie joto linatoka upande gani." Alionyesha kwa kiganja chake hewani, polepole, kana kwamba mlango ulikuwa pale mbele ya mashuka. Kisha akakishusha kiganja, akarudi kwenye penseli. "Haya, nenda. Zamu yako haijaisha."

Alisimama kidogo zaidi, asijue kama ule ulikuwa msamaha au ni mazoea tu ya mtu aliyefundisha maisha yake yote. Hakuuliza. Alivuka uwanja, akaingia chumbani, akavaa glavu, akavuta trei iliyokuwa ikimsubiri.